Kabla Hujaagiza Transfoma Kutoka Ng'ambo

Siku hizi wateja wa karakana yetu ya kufunga transfoma, hapa Uganda, wanatuletea profoma (hati za bei kabla ya kununua) za viwanda vya China, India, Uturuki na Misri na kutuuliza swali lilelile: bei hii ni ya kweli? Mara nyingi ni ya kweli. Sisi huwarudishia swali jingine: hicho kiwanda kimekuuliza transfoma itafungwa wapi?

Viwanda hivi vimefika kwetu kupitia miradi mikubwa. Mtengenezaji akishalijaza soko la kwao hutafuta kazi za nje, kwa sababu kwenye mradi mmoja wa umeme huuza nyaya, swichi na transfoma kwa mkupuo. Elsewedy Electric ya Misri, wanaojulikana kwa kutengeneza nyaya, waliungana na Arab Contractors kujenga bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, Tanzania, la megawati 2,115. Hapa kwetu Uganda, bwawa la Karuma, la megawati 600, lilijengwa na Sinohydro ya China kwa mkopo wa Exim Bank ya China. Benki ya nchi ikikopesha, mkandarasi wa nchi hiyo hupata kazi, na vifaa vya kwao humfuata. Kiwanda kikishaizoea njia ya Mombasa hadi Malaba, wakala wake huanza kuwatafuta wenye mashine za posho, wakoboaji kahawa na wenye hoteli.

Sisi tunalifurahia jambo hili. Transfoma nzuri tumezifunga, za kila upande wa dunia. Ila serikali ikinunua, kuna mhandisi mshauri aliyeandika masharti kurasa kwa kurasa, na watu wanaokwenda mpaka kiwandani kushuhudia majaribio kabla mzigo haujapakiwa. Mwenye kinu cha mpunga Bugiri ana karatasi moja iliyoandikwa "315 kVA", yaani ukubwa wa transfoma tu, basi. Usichokisema, kiwanda hukijaza chenyewe kwa mazoea ya soko lake.

Anza na msongo, yaani volti za laini. Laini nyingi za vijijini Uganda ni za kilovolti 33, na mjini Kampala utakuta za kilovolti 11 kila mahali. Tuliwahi kuitwa kufunga transfoma mpya kabisa, rangi bado inanukia, bamba lake limeandikwa 11000/415, yaani inapokea volti 11,000 na kutoa 415, na laini iliyopita mbele ya kinu ni ya kilovolti 33. Mwenye mali akatuuliza kama hatuwezi kugeuza waya kidogo. Haiwezekani. Idadi ya mizunguko ya koili na unene wa vihami vimepangwa kwa ule msongo. Kuibadili ni kuisuka upya yote. Swali moja kwa UEDCL, wanaoshika usambazaji tangu Aprili 2025 baada ya kampuni iliyoitwa Umeme kuondoka, lingemwokolea pesa zile.

Kuna na masafa, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50. Zipo nchi zinazotumia 60, na mali iliyobaki kwenye oda za huko huuzwa kwa bei ya kuvutia. Transfoma ya hezi 60 ukiitia kwenye 50 kwa volti zilezile, sumaku ndani ya chuma chake hupanda kwa moja ya tano. Chuma kinashiba, transfoma inanguruma na kupata moto hata mashine zikiwa zimezimwa.

Lakini jambo linalosahaulika kuliko yote ni mwinuko. Kanuni za kimataifa za transfoma, IEC 60076, huchukulia kwamba mahali pa kufungia hapazidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200. Kabale inakaribia 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi: inabeba joto kidogo kutoka kwenye mapezi ya kupoozea, na inazuia cheche vibaya zaidi kati ya bushingi (vihami ambamo nyaya huingilia) na tangi. Kwa Kampala tofauti ni ndogo. Kwa Kabale, transfoma iliyofaulu majaribio yote katika kiwanda cha pwani inaweza kuzidiwa na mzigo ulioandikwa kwenye bamba lake lenyewe. Mwinuko uandikwe kwenye oda, kwa mita.

Radi sitaieleza sana, anayeishi karibu na Ziwa Victoria anaijua. Hakikisha tu kinga za radi zimo kwenye bei, zenye kipimo cha laini yako, na kuunganishwa kwake ardhini kufanywe na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme.

Kisha dai ripoti ya majaribio ya transfoma yako wewe, yenye namba ileile iliyogongwa kwenye bamba. Mawakala wengine hutoa ripoti ya transfoma iliyofanana nayo. Usiikubali. Ikishashuka kwenye lori, sisi huchota mafuta kidogo chini ya tangi na kuyapima: kwenye mwanya wa milimita 2.5 yanatakiwa yastahimili angalau kilovolti 30. Tunatazama pia chembe za kunyonya unyevu ndani ya kile kikombe ambacho transfoma hupumulia. Zile za bluu zikigeuka waridi, zimeshiba unyevu, na mafuta yenyewe ni ya kushukiwa. Haya yote ni kabla ya kuwasha, maana ukishawasha, wakala atasema kosa ni la mfungaji.

Garanti nayo iulize vizuri. Miezi 18 tangu kupakiwa melini si sawa na miezi 18 tangu kuwashwa. Mzigo unaweza kukaa njiani na bandarini muda mrefu. Uliza bushingi na gasketi za akiba ziko Kampala au zitaagizwa upya.

Ukija karakana, njoo na picha ya nguzo na laini iliyo karibu nawe, jina la kijiji ili tupate mwinuko, na orodha ya mota zako na kilowati zake. Tutakuandikia ukurasa wa masharti, kwa Kiswahili wa kwako na kwa Kiingereza wa kiwanda. Upeleke kabla ya kulipa malipo ya awali, na usubiri waurudishe ukiwa na sahihi.