Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Hesabu namwachia mweka hazina, ambaye taarifa yake mnayo mikononi. Vikao vilifanyika kama katiba inavyotaka. Mimi nitajikita kwenye ubishi uliotutawala mwaka mzima: je, chama cha watu wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, kitoze ada kwa kuzihudumia? Wapo walioita jambo hilo usaliti. Kamati ikaona tuangalie kwanza yaliyowapata waliotutangulia, hasa kampuni ya Cygnus.

Cygnus ilianzishwa California mwaka 1989 na Michael Tiemann, John Gilmore na David Henkel-Wallace, kwa mtaji wa dola 6,000 hivi. Tiemann ndiye aliyeandika kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya lugha ya C++ ya GNU, mradi wa programu huria ulioanzishwa na Richard Stallman. Katika tamko la Stallman la mwaka 1985 kuhusu mradi huo wengi waliona siasa. Tiemann aliona biashara. Na Stallman mwenyewe alikuwa akiuza kanda yenye Emacs, programu yake huria ya kuhariri maandishi, kwa dola 150, kwa hiyo wanaomtaja kila tunapogusia ada wamsome vizuri.

GCC, kompaila ya GNU, na GDB, dibaga yake (zana ya kusaka makosa kwenye programu), zilipatikana bila malipo, na Cygnus haikujaribu kuzuia hilo. Lakini mtengenezaji wa chipu mpya alihitaji kompaila inayoielewa chipu yake, tena kwa tarehe iliyoahidiwa, na mhandisi wa kumpigia simu mambo yakikwama. Hicho ndicho alicholipia.

Wateja walipatikana. Tatizo lilikuwa kuwahudumia. Kila mmoja alikuja na mahitaji yake na toleo lake, na wahandisi wakaelemewa. Kampuni ikalazimika kupunguza mambo: kompaila, dibaga na zana zinazoambatana nazo, zikijaribiwa na kutolewa pamoja kwa ratiba. Bidhaa hiyo baadaye ikaitwa GNUPro. Nawaomba mkae hapo kidogo, kwa sababu orodha ya huduma iliyoletwa na kamati yetu ndogo ina barua pepe, seva, Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni), Koha (mfumo wa kuendesha maktaba), mafunzo ya wahasibu na kuvuta kebo. Kebo, jamani! Tukiipitisha ilivyo, tutaelemewa kabla ya kulipwa ankara ya kwanza.

Wanaohofu kwamba fedha hufunga msimbo wana hoja, ila nusu. Kazi ya Cygnus kwenye GCC ilibaki chini ya GPL, leseni inayotaka anayesambaza programu autoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Maendeleo ya kompaila hiyo yalipozorota, mwaka 1997 wahandisi wa Cygnus waliungana na wengine kuanzisha EGCS, tawi lililoendelezwa kando, na Aprili 1999 Free Software Foundation, taasisi ya Stallman inayosimamia GNU, ikalikubali kuwa GCC rasmi. Kwa upande mwingine, Cygwin, zana ya Cygnus ya kuendesha programu za aina ya Unix ndani ya Windows, ilitolewa kwa GPL, lakini aliyetaka kuitumia ndani ya programu yenye msimbo uliofichwa aliweza kununua leseni nyingine. Mimi sioni aibu katika hilo. Wengine kwenye kamati wanaona, na watapewa nafasi ya kusema.

Novemba 1999 Red Hat, kampuni ya mfumo wa Linux, ilitangaza kuinunua Cygnus kwa hisa zilizokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 674. Red Hat nayo ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Jina la Cygnus limepotea sokoni; GCC bado inaendelea.

Kamati inapendekeza tuanze na huduma mbili tu, Moodle kwa vyuo na Koha kwa maktaba, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Kila mkataba uwe na kipengele kinachoturuhusu kurudisha marekebisho kwenye mradi husika. Mteja asiyekubali kipengele hicho tumwache aende. Suala la leseni mbili, kama ilivyokuwa kwa Cygwin, litapigiwa kura peke yake. Rasimu mmegawiwa. Tutaijadili baada ya taarifa ya mweka hazina, kabla ya uchaguzi wa kamati mpya, na wenye ada zilizochelewa wanaweza kulipa kwa katibu sasa hivi ili wapige kura.