Antena ya GPS kwenye boti nayo ilindwe

Ndugu Mhariri,

Mafundi wanaounda vifaa vya GPS vya boti na mabasi hapa Tanga wanajitahidi, ila wengi huunganisha umeme wa antena moja kwa moja na saplai ya bodi, yaani ubao wa saketi ulio ndani ya kifaa. Hapo ndipo kifaa kizima hufia.

Antena ya juu ya paa ina kikuza mawimbi ndani yake, na umeme wake hupanda kwa waya uleule wa koaksi unaoshusha mawimbi ya 1575.42 MHz. Waya ukibanwa na mlango ukapiga shoti, volti za bodi zinaanguka na kila kitu kinazima. Mteja huambiwa kifaa kimeungua, kumbe ni waya tu.

Rezista (kipunguza mkondo) ya omu 10 kwenye njia ya umeme wa antena, peke yake si kinga. Kwenye shoti, volti 5 hupitisha ampea 0.5, yaani wati 2.5 kwenye kirezista kisichomudu hata robo wati. Iacheni ibaki, lakini muongeze transista (swichi za kielektroniki) mbili za aina ya PNP: moja ipitishe umeme wa antena, nyingine ipime volti juu ya rezista. Zikifika 0.6 hivi, yaani miliampea 60, ya pili huwaka na kuibana ya kwanza. Hiyo ya kwanza itachemka, kwa hiyo programu ikate umeme, isubiri sekunde 10, ndipo ijaribu tena.

Rezista hiyohiyo ni mita. Antena nyingi hula miliampea 5 hadi 20, basi mtasoma milivolti 50 hadi 200. Zikiwa chini ya milivolti 20, waya umekatika, au umeme umezuiwa na kigawanyaji cha antena, kile kinachogawa antena moja kwa vipokezi kadhaa. Mkiona satelaiti zipo, ni hicho kigawanyaji. Msiridhike na taa ya kijani ya salama na nyekundu ya hitilafu, hifadhini namba yenyewe ya mkondo. Kwa chumvi ya pwani yetu, mkondo unaopanda polepole wiki hadi wiki ni dalili kwamba maji yameingia kwenye konekta, na umeme wa DC huharakisha ile kutu ya kijani. Konekta izungushiwe tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe. Silikoni inayonuka siki hapana! Asidi yake hula shaba.

Upande wa mawimbi, umeme uingie kupitia koili ya nanohenri 47, na kapasita ya pikofaradi 47 iuzuie usifike kwenye kipokezi. Daiodi ya kinga ya umeme tuli isizidi pikofaradi 0.5. Ile ya kawaida ya pikofaradi 50 huyamwaga mawimbi ardhini, kisha lawama anabebeshwa muuza antena. Radi ikipiga mlingoti wenyewe, hakuna daiodi itakayosaidia.

Mwenye boti anayeagiza kifaa amwombe fundi apige shoti ncha ya koaksi mbele yake kwa dakika moja. Bodi ikizima, asilipe.

Mafundi elektroniki,
Tanga