Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Maleba na Ufundishaji Wake

Ndugu wanachama,

Naomba kuwasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama chetu cha wabunifu na washonaji wa maleba ya jukwaani kwa mwaka tulioumaliza. Mahesabu atayasoma mweka hazina, nami sitayagusa ila pale yanapohusu uamuzi mmoja wa kamati uliozua maneno, yaani kuahirisha ununuzi wa mashine ya pili ya ovaloki, ya kushonea kingo za kitambaa zisifumuke, na kuzielekeza fedha zake kwenye darasa la Jumamosi.

Wapo walioniuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, chama cha mafundi kinawezaje kutanguliza masomo kabla ya vifaa. Jibu langu ni kwamba hata mashine tuliyonayo ilishinda imefunikwa siku nyingi, kwa kuwa wanaojua kukata vazi la jukwaani wamebaki wachache. Mama aliyetufundisha wengi wetu alistaafu mwezi wa tatu bila kuacha pateni, yaani kiolezo cha kukatia, hata moja ya karatasi. Vipimo vyote alikuwa navyo kichwani. Tulipotakiwa kushona majoho ya mchezo aliokwisha kuuvalisha mara mbili, ilitubidi tufumue joho kuukuu, mshono kwa mshono, ili tujue alivyolikata. Simlaumu yeye. Ni sisi ambao kwa miaka yote hiyo tulimwachia kazi yote ya kukumbuka.

Ndiyo sababu darasa lilianza kwa kusoma habari za Motley, jina walilolitumia kwa pamoja wabunifu watatu wa London, ndugu wawili Sophie na Margaret Harris pamoja na mwenzao Elizabeth Montgomery. Jina hilo ni la vazi la rangirangi la mchekeshaji wa ikulu, nao walilitoa katika tamthilia ya Shakespeare. Mwaka 1932 waliwavalisha wanafunzi wa Oxford walioigiza Romeo na Juliet chini ya uongozi wa mwigizaji John Gielgud, na miaka mitatu baadaye waliuvalisha mchezo huohuo mjini London, ambamo Gielgud na mwigizaji mwenzake Laurence Olivier walipokezana nafasi za Romeo na Mercutio. Walisifika kwa kuchukua vitambaa vya bei nafuu, wakavitia rangi na kuvichora hata mtazamaji aliyeketi mbali akaamini anaona vazi la kifalme.

Kilichotugusa zaidi, hata hivyo, ni kwamba hawakungoja kustaafu ndipo wafundishe. Kuanzia mwaka 1936 walisomesha katika studio ya mwongozaji wa Kifaransa Michel Saint-Denis mjini London, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakaendelea katika chuo cha ukumbi wa maigizo wa Old Vic hadi kilipofungwa mwaka 1952. Wakati huohuo kazi zao zilikuwa zinaonekana New York, ambako baadaye walipata tuzo za Tony, tuzo za maigizo za Marekani, za ubunifu wa maleba mwaka 1958 na 1961. Mwaka 1966, mwaka aliofariki dada yake Sophie, Margaret alianzisha kozi ya ubunifu wa jukwaa ambayo iliendelea kufundishwa hadi mwaka 2011, miaka kumi na mmoja baada ya yeye mwenyewe kufariki. Michoro yao, zaidi ya elfu tano, ilinunuliwa mwaka 1981 na Chuo Kikuu cha Illinois, na baadhi yake wanafunzi wetu waliitazama kwa intaneti wakiwa wameketi chini ya mwembe wetu. Natamani ningeweza kusema kuwa ya mama yetu nayo yamehifadhiwa namna hiyo.

Kwa upande wa vitendo, kila mwanafunzi alikata vazi la majaribio kwa merikani, kitambaa kisichopaushwa ambacho jina lake kiliachiwa pwani yetu na wafanyabiashara wa Kimarekani katika karne ya 19, na hakukata kitambaa chenyewe mpaka jaribio limkae mwigizaji akiwa ameinua mikono na kupiga magoti. Walifundishwa kuacha akiba pana ya mshono, kwa sababu joho la leo litavaliwa kesho na mtu mnene zaidi. Taa zilitupa somo la peke yake: kanga ya kijani iliyopendeza mchana ilikuwa kama nyeusi ilipomulikwa kwa taa nyekundu. Mwanafunzi mmoja aliandika upya jina la kanga kwa herufi kubwa ili lisomeke hadi safu za nyuma. Walimu wenzangu walimsifu; mimi sikukubaliana nao, kwani jina la kanga husomwa na anayelengwa, na kazi ya mtazamaji ni kuuona uso wa jirani unavyobadilika anapolisoma. Mjadala huo ulikula Jumamosi nzima, na sijutii.

Kuhusu uazimishaji, kikundi kimoja kilichelewa mno kurudisha sanduku la maleba, nalo likarudi limefungwa likiwa na unyevu. Kanzu zimeota ukungu, na buibui mbili hazifai tena. Kamati imeamua kwamba kuanzia sasa hakuna sanduku litakalotoka bila amana na bila orodha iliyotiwa saini na pande zote mbili.

Kamati inaleta mbele yenu maazimio mawili. La kwanza ni kwamba kila vazi litakalokatwa kwa jina la chama liwe na pateni ya karatasi, iliyoandikwa vipimo, jina la mchezo na aina ya kitambaa, na ihifadhiwe ofisini. La pili ni kwamba mama yetu aombwe kuja siku mbili kwa mwezi, kwa posho na nauli, akae na wanafunzi wawili watakaoandika na kuchora huku yeye akikata. Ameshakubali, kwa sharti kwamba apewe mkasi wake mwenyewe. Mkasi huo uliazimwa kabatini mwezi wa sita na haujarudi. Aliye nao namsihi aulete kabla ya Jumamosi ijayo.