Mjomba, tarehe 26 msiondoke alfajiri

Shikamoo Mjomba,

Naiandika barua hii hadharani kwa sababu wajomba wenye safari kama yako Desemba hii ni wengi, na kwa sababu ana kwa ana nitashindwa. Mpwa hamnyang'anyi mjomba wake funguo za gari.

Usiku wa Krismasi wenyewe haunipi hofu. Hapa Mafinga tukikesha, gari linalala uani na wageni wanajaa kila chumba. Ninachokiogopa ni alfajiri yake: unanawa uso kwa maji ya baridi, unapiga chai ya rangi, unasema uko fiti, watoto wanapakiwa, na saa kumi na moja mko barabarani kurudi Dar.

Mjomba, pombe huondolewa na ini, na ini haliharakishwi na chai, kahawa wala kuoga. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chukulia chupa sita, ya kwanza imefunguliwa saa moja jioni. Mwenye bahati zitamwisha saa moja asubuhi. Mwingine atakuwa nazo hadi saa sita mchana.

Hiyo ni bia, ambayo walau ina lebo. Ulanzi, pombe ya mianzi, nani anaupima? Mvua zikishika ndipo milanzi inagemwa, na mtogwa, yaani ulanzi mbichi, uliouonja asubuhi, mtamu hata watoto wanautamani, unaendelea kuchachuka humo humo kwenye kidumu. Jioni umeshakuwa mkangafu, yaani ulanzi mkali. Lita ya saa nne asubuhi na lita ya saa moja usiku si kinywaji kimoja, na wageni wa Dar ndio hasa wanaonaswa hapo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu. Naomba usikitegemee. Umakini na uamuzi wa dereva huanza kushuka kabla hajakifikia.

Tena njia yenyewe ina Kitonga. Kuushuka ule mlima kunataka uingize gia ndogo mapema, usikalie breki mpaka zikachemka, na ukubali kukaa nyuma ya lori la Zambia bila kulipita kwenye kona. Hayo ndiyo pombe inayoyaharibu: subira, na jicho la kupima umbali. Hata huku kwenye tambarare, kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Mguu ukichelewa sekunde moja tu kufika kwenye breki, mita hizo zimeshapita, na wadogo zangu wako kiti cha nyuma.

Ombi langu ni kwamba muondoke tarehe 27, na jioni ya tarehe 26 unywe soda. Kama kazi inakubana, basi Anti aendeshe. Ana leseni, hanywi, na Dar anaendesha kila siku. Hakuna mtu wa ukoo huu atakayekuona mdogo ukikaa kiti cha pembeni, na Bibi atalala kwa amani.

Mama anasema vitanda vipo na kuku wa siku ya pili ameshatengwa. Nijibu mapema tumwambie mnabaki wangapi.

Mpwa wako