Umeme wa kusafirisha tulikuwa nao tayari hapa Katanga

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyesema motokari ya umeme haituhusu sisi watu wa Lubumbashi, eti tungoje kwanza SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, ilete umeme manyumbani. Naomba nafasi kidogo nimujibu, juu mimi ni mutu wa mainjini tangu utoto. Mambo ya delestaje, kukatiwa umeme kwa zamu, anayosema ni kweli tupu, lakini amesahau kama umeme wa kusafirisha tulishakuwa nao hapa kwetu, kwenye reli, mbele hata wengi wetu hatujazaliwa.

Mimi si adui wa mazutu, yaani dizeli, hapana. Ile injini 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, silinda 6, bila turbo, bila kompyuta, naona ni kati ya injini bora zilizowahi kupita barabara ya Likasi, mekanisie, yaani fundi, yeyote wa mtaa wetu wa Katuba anaifungua kwa funguo za kawaida na inawaka tena, inabeba, inavumilia. Na esansi, yaani petroli, pia naipenda, nikisikia silinda 6 ya Mark II ya zamani inapanda mulima nasimama nasikiliza. Lakini kuna kazi moja tunaipa mazutu na haikuwa kazi yake: kutoa shaba yote ya migodi ya Kolwezi hadi Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, juu ya mapine.

Tupige hesabu pamoja. Mwaka wa 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, na kamyo moja inabeba kama tani 30. Basi ni safari 100,000 kwa mwaka, maana yake kama 270 kila siku ya Mungu, hata Krismasi. Toa ile inayopitia bandari ya Lobito kule Angola, bado ni mingi sana, na hapo sijahesabu kobalti, sijahesabu makamyo yanayorudi na salfa, chokaa, unga na hayo mafuta yenyewe. Mazutu mingi inatoka pwani, njia ya Dar es Salaam peke yake ni karibu kilomita 2,000, inaletwa na kamyo ambayo nayo inachoma mazutu njia nzima ili ituletee mazutu. Mimi hilo linaniuma.

Sasa njo nije kwenye uendeshaji, juu hapa watu wanakufa. Sisi tunatembea kulia, Zambia na Tanzania wanatembea kushoto, pale Kasumbalesa ndipo unabadilisha upande. Makamyo yanayotoka kule yana volani kulia. Na motokari zetu nyingi, Ist, Vitz, Noah, zimetoka Japani ambako pia wanatembea kushoto, kwa hiyo nazo volani ni kulia. Wewe shofere umekaa upande wa mutaro, mbele yako remorki, yaani trela, ndefu, huoni kitu ila nyuma yake, na ili uone kama njia ni wazi inabidi utoe karibu motokari nzima kwenye upande wa wanaokuja. Ndiyo maana unasikia abiria wa mbele ndiye anaamua, "pita, pita!", mama mwenye mutoto kwenye magoti, hajawahi kushika volani maisha yake, na mwendo wa ile inayokuja hajui kuupima. Nawaomba mashofere wenzangu, usijibandike kwenye matako ya kamyo. Bakia nyuma mita 50 hivi, ukiwa mbali unaona pembeni yake vizuri zaidi, halafu shuka vitesi (gia) moja kabla ya kutoka ili injini iwe na nguvu, na kama huoni, ngoja. Wale wanaodepase, wanaopita wengine, kwenye mupindo sina neno nao. Ila hata ukiendesha kwa akili kiasi gani, ukipita kamyo moja kuna ingine mbele, na ingine, na ingine, mutu anachoka, na mutu aliyechoka njo anajaribu bahati.

Dawa iko pembeni ya barabara. Katika miaka ya 1950 reli ya Katanga ilianza kuvutwa na umeme, sehemu ya Likasi na Tenke kati ya za kwanza, na ikaendelea hadi reli ya umeme ya nchi ikapita kilomita 800. Upana wa reli yetu ni milimita 1,067, sawasawa na ya Zambia, sawasawa na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inayoshuka hadi Dar es Salaam, behewa linaweza kutoka hapa mpaka baharini bila kubadilisha gurudumu. Treni moja ya mabehewa 30, kila moja tani 40, inaondoa makamyo 40 njiani kwa mara moja! Na gurudumu la chuma juu ya chuma linaviringika kwa urahisi, halinyonyi nguvu kama pine kwenye lami ya moto, kwa hiyo tani moja inasafiri kwa nguvu kidogo sana.

Najua mutaniuliza umeme uko wapi wakati hata migodi inanunua Zambia. Ni swali la haki. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke yako pale pale karibu na Kolwezi kwenye mto Lualaba, lile la Mwadingusha lilianza kutoa umeme mwaka wa 1930, laini ya umeme ya bwawa la Inga ilifika Kolwezi mwaka wa 1982 baada ya kuvuka kilomita kama 1,700, na bado haitoshi, sikatai. Basi tuanze na lokomotivi za mazutu kama Angola wanavyofanya kwenye reli ya Lobito, njia ikitengenezwa kwanza, waya zitafuata umeme ukiongezeka. Hata kwa mazutu treni inakula kidogo kuliko makamyo 40. Na madereva wa makamyo hawatakosa kazi, mutu lazima atoe mzigo mugodini aufikishe gare, yaani stesheni ya treni.

Motokari ya umeme ya mutu binafsi naikubali pia, ile mota inatoa nguvu yote tangu gurudumu linaanza kuzunguka, na wa kwanza kupita kilomita 100 kwa saa barabarani alikuwa Mubelji Camille Jenatzy mwaka wa 1899, kwa motokari ya umeme. Itakuja kwa wakati wake. Ila tusijidanganye kama kila bateri itanunua kobalti yetu, Wachina wanatengeneza nyingi za chuma na fosfati, ndani yake hakuna kobalti hata gramu moja.

Ombi langu kwenu watu wa gazeti: tumeni mwandishi akae barabara ya Kasumbalesa kutoka asubuhi hadi usiku, ahesabu makamyo yote yaliyobeba shaba, kisha aende gare ya Lubumbashi ahesabu mabehewa, na muandike hizo namba mbili pamoja kwenye ukurasa wa kwanza.

Musomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi