"Although" na "but" hazikai pamoja

Mhariri,

Wanafunzi wa kidato cha pili na cha nne hapa Dodoma wanapojiandaa na mitihani ya Taifa, kosa moja la Kiingereza lirekebishwe mapema: "Although it rained, but we went to Kongwa." Chanzo chake ni Kiswahili chetu. Sisi husema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda," na sikio halishtuki. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu. Ukitumia "although", futa "but", koma ibaki.

La "despite" ni sugu zaidi, maana wengi hulifundisha kama tafsiri ya "ingawa" na kuishia hapo. Neno hili hufuatwa na nomino, au kitenzi chenye -ing mwishoni: "despite the rain", "despite being tired". Anayeandika "despite it rained" aongeze "the fact that", au arudi kwenye "although". Na "despite of" haipo kabisa. Hiyo "of" ni ya "in spite of".

Walimu wenzangu, wapeni sentensi kumi za "ingawa... lakini" wazigeuze kuwa Kiingereza kwa njia zote mbili, ya "although" na ya "despite", ubaoni, wakifuta wenyewe neno lililozidi.

Mwalimu wa Kiingereza,
Dodoma