Rapa asiye na lebo aanze na karatasi ya biti

Mhariri,

Rapa wa Nakuru akivuma bila lebo (kampuni ya muziki), sifa zote huenda kwa mistari yake. Sawa, mistari iwe mikali. Lakini anayejisimamia amebeba pia kazi ya lebo, na kazi hiyo huharibika mapema sana, siku ile anapotumiwa biti, yaani muziki wa kurapia, kwa WhatsApp.

Biti nyingi zinazorapiwa mitaani Kaptembwa na Bondeni ni za kukodi mtandaoni. Mwenye biti anaruhusiwa kuwakodishia wengine biti iyo hiyo. Mmoja wao akisajili wimbo wake kwenye Content ID, mtambo wa YouTube wa kutambua nyimbo, mtambo huo unatambua kinanda kilekile katika nyimbo za wenzake, na pesa za matangazo zinamwendea yeye. Watazamaji wanapanda, akaunti imelala. Kwa kawaida mkataba wa kukodi unakataza usajili huo, na mara nyingi una kikomo cha idadi ya kusikilizwa. Ukikipita unalipa upya. Nani huusoma?

Hata prodyuza (mtengenezaji wa biti) akiwa jirani, kulipia saa za studio si kununua biti. Kabla ya sauti ya kwanza ya rapa kurekodiwa, ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, tarehe, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, asilimia ya kila mtu katika utunzi (jumla ifike 100), nani anamiliki masta (rekodi yenyewe), kisha sahihi. Aliyetunga kiitikio aandikwe pia. Huyo ndiye husahaulika, na wimbo ukishika ndiye wa kwanza kudai.

Ondokeni studio na faili ya kila ala peke yake, WAV za biti 24 (hizi ni biti za kompyuta, si za kurapia). Ukiwa na MP3 moja tu, besi ikimeza maneno kwenye spika za matatu, fundi hana cha kupunguza bila kuharibu sauti nzima.

Kuhusu kupakia: ombi la kuingizwa kwenye orodha za Spotify hutumwa angalau siku 7 kabla wimbo kutoka, na msambazaji, kampuni inayoufikisha wimbo huko, naye anahitaji muda wake. Wiki nne ni salama. Anayetoa Ijumaa akipakia Jumatano ameshachelewa. Kava (picha ya wimbo) iwe pikseli 3000 kwa 3000, bila nambari ya simu ya kukodi shoo. Kava za namna hiyo hukataliwa. Ukihama msambazaji, beba ISRC ileile, utambulisho wa rekodi wenye herufi na tarakimu 12, la sivyo hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza sufuri.

Sheria ya hakimiliki ilivyorekebishwa 2022 inampa msanii asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu, nyimbo anazosikia anayepiga. Watu watatu bila karatasi watagombania hiyo 52 hadi waache kuongea.

Mhariri, ukurasa wenu wa burudani hubeba picha kubwa za wasanii. Mkipunguza moja, fomu hiyo ya ukurasa mmoja inaenea.

Mafundi wa sauti,
Nakuru